Gego la Deir el-Bersha: uchambuzi wa kisa cha kupima DNA ya kichwa cha mumia chenye miaka 4,000

Kisa hiki kinatoka kwenye kazi iliyochapishwa mwaka 2018. Mahali na taasisi zimetajwa kwa kuwa ziko hadharani. Majina ya madaktari, wahifadhi na wataalamu wa maabara yameondolewa, kwani somo lililopo hapa halihitaji majina yao.

Usuli

Mwaka 1915 msafara wa pamoja wa Chuo Kikuu cha Harvard na Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Boston ulifungua kaburi namba 10A huko Deir el-Bersha, Misri ya Kati, upande wa mashariki wa Mto Nile. Kaburi lilikuwa la mkuu wa jimbo wa zama za Ufalme wa Kati, yapata mwaka 2000 K.K. Alizikwa pamoja na mkewe, na wote wawili waliitwa jina moja: Djehutynakht.

Wezi walikuwa wametangulia kwa maelfu ya miaka. Walichukua vito, wakazirarua maiti, na kabla ya kutoka wakatia moto ndani ya chumba. Wachimbaji walikuta majeneza ya mbao yenye michoro ya hali ya juu, sanamu ndogo za mashua na watumishi, kiwiliwili kisicho na kichwa wala viungo kikiwa kimetupwa pembeni, na kichwa kimoja kimewekwa juu ya jeneza la mkuu wa jimbo. Kichwa bado kilikuwa kimefungwa kitani, na nyusi zilizochorwa kwa rangi juu ya kitambaa zilionekana wazi.

Kichwa ni cha mume au cha mke? Jeneza halikutoa jibu, kwa sababu aliyekiweka pale ni mwizi. Jina halikusaidia, maana ni moja. Swali likabaki wazi kwa karne nzima.

Kwa nini DNA ya Misri ilitiliwa shaka

Uamuzi wa kupima kichwa hiki ulifanywa katika fani ambayo tayari ilikuwa imeumia. Mwaka 1985 mtafiti wa Uswidi, Svante Pääbo, alichapisha taarifa kwamba alichukua sampuli za mumia 23 na kupata DNA kutoka kwa mtoto mmoja wa miaka kama 2,400 iliyopita. Kipande alichokinakili kilikuwa na urefu wa herufi 3,400, herufi ikiwa ni kiungo kimoja cha mnyororo wa DNA. Wakati ule dunia ilishangilia. Leo urefu huo peke yake unatosha kumtia wasiwasi mtu wa fani, kwa kuwa DNA iliyokaa miaka mingi kwenye joto haibaki na vipande virefu kiasi hicho, na maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba ilikuwa DNA ya mtu wa kisasa. Pääbo mwenyewe ndiye aliyekuja kuwa mstari wa mbele kuweka masharti makali ya kazi hii, na mwaka 2022 akapewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 2002 watafiti waliopima mafunjo ya Misri ya umri mbalimbali walikadiria kwamba nusu ya DNA ya mmea hupotea kila miaka 19 hadi 24. Kwa hesabu hiyo, ndani ya karne saba hivi hakuna kitu kinachosomeka. Wenye shaka waliitumia hoja hii kusema kwamba DNA yoyote inayodaiwa kutoka kwenye mumia ni uchafu tu. Jino si funjo, kwa hiyo hoja haikufunga mlango, lakini ilihamisha mzigo wa uthibitisho: anayedai amepata DNA ndiye anayepaswa kuonyesha kuwa ni ya kale.

Kisha mwaka 2010 ikaja kazi ya familia ya Farao Tutankhamun. Mumia 16 zilipimwa katika maabara mbili mjini Cairo, na ukoo ukachorwa hadi kwa baba, mama na bibi. Njia iliyotumika ilikuwa PCR, yaani kunakili eneo fulani la DNA mara nyingi hadi lisomeke, kwa vipande vinavyojirudia, ile ile ya kupima baba wa mtoto mahakamani. Ubishi ulianza mara moja. Haukuhusu kama ukoo huo unawezekana. Ulihusu kama njia hiyo inaweza kutofautisha DNA ya Farao na ya mtu aliyemshika.

Sababu ya kemia ni hii. Baada ya kifo, maji hukata mnyororo wa DNA popote yanapofika, na joto huharakisha ukataji. Magadi ambayo Wamisri walizikaushia maiti kwa takriban siku 40 yalifyonza maji, na hilo ni jema, lakini wiki za kwanza vimeng'enya vya mwili na bakteria vilikuwa tayari vinakula. Baadaye kaburi likapata unyevu, joto la jangwa, na mwisho stoo ya makumbusho.

Chukua mfano wa hesabu. Tuseme wastani wa vipande vilivyobaki ni herufi 40, na mikato imetokea ovyo. Vipande vyenye herufi 35 au zaidi vitakuwa kama asilimia 42 ya vyote. Vyenye herufi 150 au zaidi vitakuwa kama asilimia 2.4. Vyenye 300 au zaidi havifiki 6 katika kila 10,000. PCR ya kawaida ya uchunguzi wa jinai inahitaji kipande kizima cha herufi mia moja na kitu hadi mia tatu na kitu, kisichokatika katikati. Wakati huohuo, mate ya mtu aliyekohoa juu ya sampuli mwaka 1920 au jasho la mhifadhi wa mwaka 2000 lina vipande virefu vya kutosha. Kwa hiyo PCR ikiwekwa mbele ya mchanganyiko wa DNA ya kale na ya kisasa, inachagua ya kisasa. Ndiyo maana kwenye mumia PCR iliyokubali haraka inatisha kuliko iliyokataa.

Mfuatano wa matukio

Mwaka 2005 kichwa kilipelekwa Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston na kupigwa picha za CT, yaani eksirei za tabaka kwa tabaka. Matumaini yalikuwa kwamba umbo la fuvu lingetosha. Halikutosha. Mifupa ya mashavu na sehemu ya kiungo cha taya ilikosekana, na baadhi ya alama ambazo mtaalamu wa mifupa angezitazama kutofautisha mume na mke zilikuwa zimekwenda nayo. Ukataji ulionekana kuwa wa makusudi, uliofanywa wakati wa kuandaa maiti.

Hapo DNA ikawa njia iliyobaki, na kupata DNA maana yake ni kuharibu kitu. Mwaka 2009 madaktari waliamua kung'oa gego moja la juu, upande wa kushoto. Kupita mdomoni kungechana kitani cha usoni, kwa hiyo waliingia kupitia uwazi wa shingo, pale kichwa kilipokatwa, wakiongozwa na kamera nyembamba ya mrija. Jino likatoka zima na uso ukabaki kama ulivyokuwa.

Miaka iliyofuata haikuleta kitu. Majaribio kadhaa ya kupata DNA kutoka kwenye gego hilo yalishindwa. Lililo muhimu katika sehemu hii ya kisa ni kwamba kushindwa kulikubaliwa kuwa kushindwa. Hakuna aliyechapisha mfuatano wa kubabaisha ili jumba la makumbusho lipate habari ya kutangaza.

Mwaka 2016 jino lilifikishwa kwenye maabara ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, huko Quantico, Virginia. Nia ya maabara ile haikuwa historia. Kila mwaka wapelelezi huletewa mifupa iliyoungua, iliyokaa majini au kuzikwa miaka mingi, ambayo PCR haiwezi kuisoma. Jino la miaka 4,000 kutoka kwenye kaburi lililochomwa moto lilikuwa kipimo kigumu kuliko vyote: njia ikifaulu hapa, kuna matumaini kwa mifupa ya watu waliopotea.

Kazi ilifanyika kwenye chumba safi. Kwa asiyewahi kukiona, chumba safi cha DNA ya kale ni chumba chenye hewa iliyochujwa inayosukuma kuelekea nje ili vumbi lisiingie. Kimetengwa kabisa na jengo ambamo DNA hunakiliwa kwa wingi, na mtu akishaingia jengo hilo harudi chumba safi siku hiyo. Wafanyakazi huvaa suti nzima, barakoa, na glavu mbili, moja juu ya nyingine, ya nje ikibadilishwa kila hatua. Meza hufutwa kwa maji ya klorini, na vifaa huachwa chini ya mionzi ya urujuanimno.

Mtaalamu alitoboa hadi kiini cha jino na kukusanya unga. Kwa kazi za namna hii kiasi cha kawaida ni miligramu 50 hadi 100, yaani ncha ya kijiko cha chai. Keekee huzungushwa polepole na kwa kupumzisha, kwa sababu joto la msuguano huunguza DNA ile ile inayotafutwa. Tabaka la nje la jino huondolewa kwanza, maana ndilo lililoguswa na kila mtu.

Unga hulowekwa usiku kucha katika mchanganyiko wa EDTA, unaoyeyusha kalsiamu, na kimeng'enya cha kuvunja protini, kwa nyuzi joto 37 au zaidi kidogo. DNA hukamatwa na silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, ikisaidiwa na chumvi ya guanidini. Vifaa vya zamani vya silika vilitengenezwa kwa DNA ndefu na kuviacha vipande vidogo vikipita na maji ya kuoshea. Kuongeza kwa wingi kimiminika cha kufungia kuliwezesha vipande vya herufi 30 na kitu kubaki. Badiliko hili linaonekana dogo, lakini kwa maoni yetu ndilo lililoleta tofauti kubwa kuliko mashine yoyote ya bei ghali.

Kisha vipande vilitengenezewa maktaba: kila kipande hubandikwa ncha mbili zinazojulikana, na mashine husoma chochote kilicho kati yake hata kikiwa kifupi. Hakuna kuchagua eneo mapema, hakuna kudai urefu fulani.

Sampuli nyingine kutoka kwenye jino hilo ilifanyiwa kazi na maabara ya Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard wakashiriki kuhakiki usahihi wa matokeo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, kuchukua jino badala ya ngozi au nyama, umethibitishwa na kazi nyingine tangu wakati ule. Nyama ya mumia inavutia kwa sababu ni nyingi na huonekana imehifadhika, lakini ndiyo iliyoloweshwa mafuta, utomvu na magadi, na ndiyo iliyoshikwa. Mzizi wa jino umezungukwa na taya, na ndani yake kuna tishu ndogo iliyofungiwa. Ukikosa jino, mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani ndio mbadala bora, ila kuufikia kwenye kichwa kilichofungwa kitani ni kukivunja. Kwa kichwa hiki gego lilikuwa chaguo sahihi pekee.

Uamuzi wa pili, kuachana na PCR ya maeneo maalumu, umeelezwa hapo juu.

Uamuzi wa tatu ndio tunaotaka usomwe kwa utulivu: swali lilifanywa dogo. Timu haikuuliza mtu huyu alifanana na nani, alitoka wapi, baba yake nani. Iliuliza kama ana kromosomu Y, ile ambayo kwa kawaida huwa kwa wanaume tu. Hili ni swali ambalo data nyembamba inaweza kulibeba.

Tuonyeshe kwa namba za mfano. Kromosomu X ni karibu asilimia 5 ya jenomu, yaani DNA yote ya mtu. Ukisoma vipande 100,000 vya binadamu kutoka kwa mwanamke, kama 5,000 vitaangukia X na karibu hakuna Y. Kutoka kwa mwanamume, X itapata kama 2,500 na Y kama 250 hivi. Gawanya Y kwa jumla ya X na Y: 250 kwa 2,750 ni 0.091. Kanuni iitwayo RY inasema ni mwanamume iwapo mpaka wa chini wa uhakika (kiwango cha chini ambacho uwiano wa kweli unaweza kuwa nacho ukizingatia bahati ya sampuli) uko juu ya takriban 0.075, na ni mwanamke iwapo mpaka wa juu uko chini ya 0.016. Kwa namba hizi mpaka wa chini ni 0.080, jibu limepita. Lakini ukiwa na vipande 10,000 tu, uwiano unabaki ule ule 0.091 huku mpaka wa chini ukishuka hadi 0.057, na hapo mtu mwaminifu anaandika kwamba jibu halijakamilika. Kanuni ya pili, RX, hulinganisha wingi wa X na kromosomu nyingine zisizo za jinsia: karibu 1 kwa mwanamke, karibu 0.5 kwa mwanamume. Timu ilitumia zote mbili, na kufanya hivyo si kurudia kazi. RY ikidanganywa na vipande vichache vya Y vilivyopangwa mahali visipostahili, RX itaonyesha kutolingana.

Matokeo

Kromosomu Y ilikuwepo kwa kiwango cha mwanamume. Kichwa ni cha mkuu wa jimbo, iwapo kila kilichokuwa kaburini ni cha watu wawili waliozikwa humo. DNA ya mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vinavyotengeneza nishati, hurithiwa kwa mama; hapa iliangukia kundi la ukoo wa mama liitwalo U5b2b5. Kazi ikachapishwa Machi 2018, ikieleza wazi kwamba njia hii bado inahitaji kazi zaidi kabla haijatumika kumtambua mtu mmoja mmoja katika kesi.

Kilichofanya kazi

Kuna hatari ndani ya jibu hili ambayo msomaji wa haraka haioni. “Mwanamume” ndilo jibu rahisi zaidi kupatikana kwa bahati mbaya. Wachimbaji wa 1915 walikuwa wanaume, na kwa karne nzima kichwa kimepita mikononi mwa wanaume wengi. Kama jino lingekuwa tupu kabisa na lililosomwa ni jasho la mmoja wao, RY ingetoa 0.091 ile ile bila aibu. Kanuni ya jinsia haiwezi kujilinda dhidi ya uchafuzi, inahesabu tu kilichowekwa mezani.

Ulinzi ulitoka kwenye mitokondria. Kila seli ina nakala mbili tu za kila kromosomu ya kiini cha seli lakini mamia hadi maelfu ya nakala za mitokondria, hivyo hata kwenye sampuli mbovu inawezekana kuisoma mara nyingi kila eneo na kuuliza maswali mawili. Kwanza: vipande vyote vinatoka kwa mama mmoja? Wachafuzi wawili watatu wangeacha herufi zinazopingana mahali pamoja. Pili: mfuatano huu ni wa mfanyakazi yeyote? Maabara za DNA ya kale huweka mifuatano ya wafanyakazi wake wote ili ulinganisho huu ufanyike bila kubahatisha.

Tena kuna alama ya uharibifu. Kadiri miaka inavyokwenda, herufi C iliyo kwenye ncha wazi ya kipande hupoteza sehemu yake na kuwa U, na mashine huisoma kama T. Kwenye DNA ya kale makosa haya ya C kuwa T hurundikana mwanzoni mwa kipande na kupungua kuelekea ndani. Mate ya jana hayana mteremko huo. Anayeletewa ripoti ya mumia atafute kwanza mchoro wa mteremko huu, pamoja na mgawanyo wa urefu wa vipande. Ripoti isiyo navyo, hata ikiwa na jina kubwa, imeomba kuaminiwa tu.

Na alama ya uharibifu nayo ina mpaka wake: inathibitisha kwamba kuna DNA ya kale ndani ya mrija, haithibitishi kwamba yote ni ya kale. Sampuli yenye nusu ya kale na nusu ya kisasa itaonyesha mteremko pia, mfupi zaidi tu. Njia kali ni kurudia hesabu ya jinsia kwa kutumia vile vipande vyenye uharibifu peke yake na kuona kama jibu linabaki.

Mrija mtupu, ule unaopitishwa hatua zote bila unga wa jino, ni ulinzi wa mwisho. Hushika uchafu wa dawa na wa chumba. Haushiki uchafu ulioingia ndani ya jino mwaka 1915, na watu hulisahau hilo mara kwa mara.

Kurudiwa na maabara ya pili kulisaidia kwa sehemu. Maabara mbili zikipata jibu moja, uchafu wa maabara moja umeondolewa kwenye orodha. Lakini zote mbili zilipokea jino lile lile. Uchafu wa kabla ya jino kufika Quantico ungejirudia kwa uaminifu katika zote.

Kilichokwama, na mipaka ya jibu

Jambo la kwanza ni muda. Jino liling'olewa 2009 na likasomwa miaka saba baadaye. Kila jaribio lililoshindwa lilikula sehemu ya kitu kisichorudi. Leo mtu angeanza kwa kusoma vipande vichache kutoka kwenye unga kidogo, aone asilimia ya DNA ya binadamu na alama za uharibifu, ndipo aamue kuendelea au kulirudisha jino kabatini. Mpangilio huu ulikuwa haujazoeleka wakati ule, kwa hiyo hatuwalaumu waliojaribu. Tunausisitiza kwa sababu wapo wanaoendelea kukata sampuli bila kipimo hicho cha awali.

La pili ni jinsi U5b2b5 ilivyopokelewa. Kundi la U5 leo hupatikana zaidi Ulaya, na mara matokeo yalipotoka kuna watu waliolibeba kwenye ubishi wa rangi ya Wamisri wa kale. Huu ni ubishi wenye uchungu halali kwa Waafrika. Cheikh Anta Diop, mwanahistoria wa Senegal, aliusimamia mbele ya UNESCO mjini Cairo mwaka 1974, na una historia ya dharau nyuma yake. Lakini mitokondria ni mstari mmoja tu: mama, bibi mzaa mama, mama yake bibi. Ukirudi vizazi kumi una wazee 1,024, na mitokondria inamzungumzia mmoja wao. Haitaji rangi ya ngozi wala lugha. Haitaji hata wengine 1,023 walitoka wapi. Anayetumia U5b2b5 kumpokonya Afrika mtawala huyu, na anayeitupa kwa kuwa haikumpendeza, wote wanalitwisha gego hili mzigo ambao timu ilikataa kuubeba.

Tahadhari hii inahusu hata kazi kubwa. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi juu ya mumia za Abusir el-Meleq, Misri, ambapo kati ya watu 151 waliochunguzwa zilipatikana jenomu 90 za mitokondria lakini data pana ya kiini kwa watu watatu tu. Kitaalamu ilikuwa hatua kubwa mno, maana ilionyesha kwa alama zote za uharibifu kwamba Misri ina DNA inayosomeka. Vichwa vya habari vikageuza watu watatu wa mji mmoja wa kaskazini kuwa “Wamisri wa kale”. Misri ina urefu wa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani hadi Aswan ukifuata Mto Nile, na historia ya miaka 3,000 ya mafarao. Jenomu kamili ya mtu wa Nuwayrat, Misri, wa zama za Ufalme wa Kale, iliyochapishwa 2025, nayo ni ya mtu mmoja aliyezikwa ndani ya chungu bila kuhifadhiwa kama mumia. Hata hapo, kati ya sampuli saba za meno yake ni mbili tu zilizotoa DNA ya kutosha.

Kwetu Uswahilini jambo hili si la mbali. Kazi ya mwaka 2023 juu ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na bara yake ya karibu ilipambana na joto lile lile na uharibifu ule ule. Ilipoonyesha asili ya Kiafrika kwa upande wa akina mama na ya Kiajemi kwa sehemu kubwa ya mstari wa akina baba, kila upande wa mjadala wa “Waswahili ni nani” ulichukua nusu iliyoupendeza.

Kama swali lingekuwa kubwa zaidi

Inafaa kulinganisha na kisa cha mwaka huohuo wa 2018, cha wale waitwao Ndugu Wawili walioko Makumbusho ya Manchester, waliozikwa pamoja huko Rifeh, Misri, na kufukuliwa mwaka 1907. Maandishi ya majeneza yao yaliwataja kuwa wana wa mama mmoja. Meno yao yalitoa mitokondria ya kundi moja, M1a1, na sehemu za kromosomu Y zilizotofautiana. Hitimisho lilikuwa mama mmoja, baba tofauti. Hapa swali tayari ni zito kuliko la jinsia. Mitokondria kufanana kunaruhusu umama mmoja lakini hakuulazimishi, kwa kuwa binamu wa upande wa mama nao watafanana. Maandishi ya jeneza ndiyo yanayoziba pengo. Upande wa Y data ilikuwa pungufu, na kwenye data pungufu kila tofauti lazima iulizwe kama ni tofauti ya kweli au ni C iliyogeuka T.

Rudi sasa kwenye kaburi 10A na kile kiwiliwili kilichotupwa pembeni. Swali linalofuata kwa kawaida ni kama ni cha mwenye kichwa au cha mkewe. Jinsia ingetosha kukitenganisha na kichwa iwapo kingeonekana kuwa cha mwanamke. Kikiwa cha mwanamume, ingebidi kusoma mitokondria yake. Ikitofautiana na U5b2b5 kwa herufi kadhaa zilizosomwa mara nyingi, zisizo za aina ya C kuwa T, si mtu mmoja. Ikifanana, kwa kundi lisilo la kawaida Misri uwezekano wa kuwa mtu mmoja unapanda sana, ila ndugu wa tumbo moja bado hajaondolewa. Kumwondoa kunahitaji maelfu ya maeneo ya kromosomu za kiini yaliyosomwa kutoka sehemu zote mbili, na hilo maana yake ni mfupa mwingine kutobolewa.